Mkono wa Kupunguza Baruti

Rivolva ya 329PD, iliyotolewa na Smith & Wesson mwaka 2003, ina fremu ya alumini iliyotiwa skandiamu na silinda ya titani. Ikiwa tupu ina uzito wa kama gramu 710 tu. Aliyezoea silaha za chuma akiishika mara ya kwanza hudhani ni ya kuchezea. Kumbe matundu yake sita yanapokea .44 Magnum, risasi ileile ambayo katikati ya miaka ya 1950 ilitengenezewa bastola ya chuma ya Model 29, ambayo ikiwa na mtutu mrefu hufika kilo 1.3 na zaidi. Silaha imepungua karibu nusu ya uzito, risasi haijapungua hata chembe. Tofauti hiyo anailipa mfyatuaji kwa kiganja chake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kichwa cha risasi cha gramu 15.5 hutoka na kasi ya karibu mita 430 kwa sekunde, na gesi ya baruti hutoka nyuma yake kwa kasi kubwa zaidi. Msukumo huo wote hurudishwa kwenye bastola. Ile nzito hurudi nyuma kwa mita 6 hivi kwa sekunde, ikibeba nishati ya jouli 27. Ile nyepesi hurudi kwa mita 12, na nishati yake hupita jouli 50. Mgongo wa kishikio unagonga panapokutana kidole gumba na shahada, chuma kinachozunguka kifyatulio kinagonga kidole cha kati, mtutu unaruka juu. Baada ya risasi chache mwili unajifunza, tena unajifunza vibaya: jicho linafumba na kiganja kinausukuma mtutu chini kabla bastola haijalia. Hapo risasi zinaanza kutua chini ya shabaha, na mwenye silaha analaumu silaha.

Wako wanaoona dawa ni kukaza meno. Dawa ninayoistahi mimi ni ya fundi anayeketi mezani na mizani yake na kupunguza baruti mpaka silaha na mkono vielewane. Nchini Marekani, ambako raia wengi hujijazia risasi zao nyumbani, ufundi huu una watu wake na ubishi wake.

Msingi wake ni risasi ya zamani, .44 Special, iliyotoka mwaka 1907. Ganda lake ni fupi kuliko la Magnum kwa milimita 3 hivi, kwa hiyo linaingia katika bastola ya Magnum bila tatizo. Risasi yake ya kiwandani ya jadi ilirusha kichwa cha gramu 16 kwa mita 230 hivi kwa sekunde. Itie katika ile bastola ya gramu 710, na nishati ya kurudi nyuma itashuka hadi jouli 12 hivi. Hiyo ni pungufu ya nusu ya ile inayotolewa na Magnum ndani ya bastola nzito!

Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho, alitumia miaka mingi akiishindilia .44 Special baruti zaidi na zaidi, na jitihada zake ndizo zilizovisukuma viwanda kuzaa Magnum. Wanamkumbuka sana, na kwa haki. Lakini Skeeter Skelton, aliyewahi kuwa sherifu huko Texas kabla ya kuwa mwandishi wa jarida la Shooting Times, aliisifu .44 Special iliyojazwa kwa kiasi, ya karibu mita 290 kwa sekunde, akiona inatosha kwa kazi nyingi za bastola. Mimi niko upande wa Skelton. Kuongeza nguvu kunataka ujasiri. Kupunguza vizuri kunataka mkono.

Mbona kupunguza kuwe kugumu? Tazama ndani ya ganda. Maganda haya yana asili ya enzi za baruti nyeusi, ambayo ilihitaji nafasi kubwa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, ikitiwa kidogo, hulala chini kama chumvi katika gilasi. Bastola ikiinamishwa, baruti huteleza mbele ikaiacha fataki ya kuiwasha peke yake, ikiinuliwa, hurudi. Risasi mbili za kipimo kimoja zinaweza basi kutoka na kasi tofauti. La hatari zaidi ni kwamba ganda lenye nafasi namna hiyo linameza vipimo viwili bila kumwagika, na vipimo viwili vinaweza kupasua silinda.

Ndiyo maana fundi makini hafungi ganda hata moja kabla ya kuyapanga yote wima katika kibao chenye matundu na kulimulika kila moja kwa tochi, akilinganisha kina cha baruti. Ukimsemesha wakati huo hakujibu, wala si kiburi. Baruti ya Trail Boss ilibuniwa kwa ajili ya shida hii hasa: chembe zake ni vipete vyenye tundu katikati, vinavyochukua nafasi kubwa kwa uzito mdogo, hivyo ganda linajaa ingawa nguvu ni ndogo, na kipimo cha pili kingefurika.

Kuna na mpaka wa chini. Baruti ikiwa haba mno, kichwa hukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata hukikuta humo. Mfyatuaji akisikia mlio wa kinyonge huacha papo hapo, hufungua silinda na kuchungulia mtutu. Vipimo vyenyewe sivitaji hapa. Vimo katika vitabu vya watengenezaji wa baruti, na fundi wa kweli hashuki chini ya vilivyoandikwa kama vile asivyopanda juu yake.

Kisha linakuja suala la ganda lipi litumike, na hapa mabingwa hawakubaliani. Ganda fupi la Special lina nafasi ndogo, hivyo baruti kidogo inaungua kwa usawa zaidi. Lakini huacha pete ya masizi mbele yake ndani ya tundu la silinda, pale ambapo ganda refu la Magnum linapaswa kufika, na usipolisugua kwa brashi ganda refu litakataa kuingia. Ganda la Magnum lililotiwa baruti kidogo haliachi pete hiyo, ila ile nafasi tupu inarudi. Kama ni bastola ya mazoezi tu ningechagua ganda fupi na brashi.

Hatua ya mwisho mezani ni kubana mdomo wa ganda. Bastola nyepesi ikirudi nyuma ghafla, huyavuta maganda yaliyobaki kwenye silinda, huku vichwa vizito vikitaka kubaki vilipokuwa. Vikichomoka kidogo kidogo, mwishowe kimoja hutokeza mbele na silinda haizunguki tena. Kwa hiyo fundi hukunja mdomo wa ganda ndani ya mfereji wa kichwa, halafu hupima: hufyatua tano, huitoa ya sita bila kuifyatua, na kuilinganisha kwa kalipa na urefu aliouandika mwanzo.

Kishikio kinene cha mpira kinachofunika mgongo wa fremu nacho husaidia sana, na wenye 329PD wengi huazima kile cha bastola kubwa ya S&W 500. Hilo ni jambo la bisibisi tu. Kulenga ndiko kunakorudisha kazi mezani. Charter Arms Bulldog, rivolva ndogo ya risasi tano za .44 Special iliyotoka mwaka 1973, kwa kawaida ina alama za kulengea zisizosogezwa. Kichwa kizito cha mwendo wa pole hukawia ndani ya mtutu wakati mtutu unapanda, hivyo hutua juu zaidi. Chepesi chenye kasi hutua chini. Kwa kuwa alama hazigeuzwi, fundi hugeuza risasi: huanza na kichwa cha gramu 16, akiona kinapita juu hushuka hadi cha gramu 13, hurudi kwenye mizani, hubana tena, mpaka tundu la karatasi likae pale alama ya mbele inapoelekeza.