Kofia ya Chuma ya Tabora: Ni ya Vita Gani?

Ukitafuta vitu vya kale Tabora na vijiji vya njia ya zamani ya misafara, hutakosa kuonyeshwa kofia ya chuma na kuambiwa ni ya Mjerumani. Itasemwa ilifukuliwa Itaga au Lulanguru, ambako vikosi vya Jenerali Kurt Wahle vilipigana na Wabelgiji Septemba 1916, kabla jenerali wao Charles Tombeur hajauteka mji tarehe 19. Bei hupandia hapo hapo.

Kalenda inaikataa hadithi hiyo. Kofia ya chuma ni zao la mahandaki ya Ulaya, ambako vipande vya makombora vilikuwa vikipasua vichwa vya wanajeshi. Wafaransa walitoa yao mwaka 1915, Waingereza wakafuata mwaka huo huo. Ya Kijerumani, iliyobuniwa na Friedrich Schwerd, iliingia vitani Verdun mapema mwaka 1916. Wakati huo pwani yetu ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza tangu Machi 1915. Meli mbili tu za shehena zilipenya: moja ikafika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915, na nyingine, Marie, ikafika Sudi Machi 1916, nayo ilikuwa imeondoka Ujerumani Januari. Baada ya Marie hakuna iliyofika tena. Hata ndege kubwa ya gesi L 59, iliyotumwa Novemba 1917, iligeuzia njiani ikiwa juu ya Sudan. Kofia iliyoanza kugawiwa Verdun ingepitia wapi hadi ifike Itaga?

Askari wa Mjerumani alivaa kofia ndefu kama tarbushi: kiunzi chepesi cha kusukwa, kikavikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga shingo na jua, na tai mdogo wa bati mbele. Askari wa Kongo upande wa Wabelgiji alivaa tarbushi. Maofisa wa Kizungu walivaa kofia ngumu za jua. Vyote hivyo ni chakula cha mchwa na mvua. Kwa hiyo kinachoweza kusalia ardhini ni yule tai wa bati, na mnunuzi makini angekuwa anamuulizia huyo.

Basi chuma kilichopo kimetoka wapi? Kwa sehemu kubwa, jibu ni Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Katika Vita Kuu ya Pili watu wapatao 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Hao ndio waliovaa kofia ya Kiingereza iliyo pana kama karai, toleo la pili, lililoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Inauma kuona kofia ya mtu aliyevuka bonde la Kabaw mwaka 1944 ikibandikwa jina la Mjerumani ili iuzike.

Kuitambua si kazi ngumu. Igeuze, utazame katikati ya utosi kwa ndani. Bitana ya Vita ya Kwanza ilifungwa kwa ribiti. Ya toleo la pili hufungwa kwa skrubu moja inayofunguka, na juu ya bitana mara nyingi kuna mpira wa umbo la msalaba. Usitoe hukumu kwa hilo peke yake, maana makombe ya zamani yalitiwa bitana mpya miaka ya 1930. Nenda kwenye ukingo, chini, karibu na kishikizo cha mkanda wa kidevu. Hapo hugongwa herufi za kiwanda na mwaka. Kutu ikiwa imefunika, sugua polepole kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Sumaku nayo husema kweli: kombe la vita lililotengenezwa Uingereza ni la chuma cha manganizi, na sumaku hailishiki. Iking'ang'ania, huenda ni kofia ya raia wa ulinzi wa mjini, au imetengenezwa nchi nyingine.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni matundu matatu nyuma ya ukingo. Hiyo ni kofia ya Afrika Kusini. Matundu yaliwekwa kwa ajili ya pazia la shingo. Tafuta pia mshale ulio ndani ya herufi U, alama ya mali ya serikali ya huko. Kofia hizo ziligawiwa kwa wingi kwa majeshi ya Uingereza barani Afrika, kwa hiyo kuikuta Unyamwezi kunaeleweka kabisa.

Ukishaipata, usiipige brashi ya waya wala rangi mpya. Rangi ya kwanza, uzi wa bitana, namba iliyokwaruzwa kwa msumari, vyote ni ushahidi. Mwulize anayekuuzia ilikuwa kwa nani, ilitumika kwa nini baada ya vita, na aliyeivaa alirudi lini kutoka vitani. Andika majibu siku hiyo hiyo, uyahifadhi pamoja na kofia. Na anayekwambia ataifukua kesho, mkatalie, kwani uwanja wa vita wa 1916 bado unaweza kuwa na kombora lisilolipuka.