Mashua Ndiyo Hupima Nyumba

Dau hulala ufukoni, likapigwa na jua na mvua, na alfajiri likateremka majini bila kununa. Mashua ya mbio haina uvumilivu huo. Ile ya wapiga makasia wanane ina urefu wa karibu mita 18, nayo ni nyembamba kiasi kwamba watu hukaa mmoja nyuma ya mwenzake. Enzi za mbao, ngozi yake ya mwerezi ilikuwa na unene wa milimita 4 hivi. Iache juani, itapinda; igonge kwenye nguzo, itapasuka. Ndiyo maana chuo kikitaka kufundisha mchezo huu, huanza na seremala wa kuijengea mashua nyumba.

Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, kiliipata nyumba kwa bahati. Mwaka 1918, vita vikiwa bado vimepamba moto, jeshi la wanamaji lilijenga banda la mbao la ndege za majini kando ya mfereji wa Montlake. Vita vikaisha, na mwaka uliofuata wapiga makasia wakahamia. Banda liliwafaa kwa sababu bawa la ndege na mashua ya mbio vina shida moja: vyote ni virefu, vyote ni vyepesi, vyote vinataka mlango mpana na sakafu isiyo na nguzo katikati.

Ghorofani alifanya kazi George Pocock, fundi mwana wa fundi, aliyejifunzia randa kwa baba yake huko Eton, Uingereza. Alilainisha mwerezi kwa mvuke, akaukunja taratibu hadi ukakubali umbo. Mkononi mwake ilitoka Husky Clipper, mashua iliyowapa vijana wa chuo hicho dhahabu ya Olimpiki tarehe 14 Agosti 1936, huko Grünau, karibu na Berlin. Waliwatangulia Waitalia kwa sehemu sita za kumi za sekunde.

Bahati, hata hivyo, si ramani. Mwaka 1949 chuo kilihamia kwenye jengo jipya lililokusudiwa makasia tangu msingi, likapewa jina la Hiram Conibear, kocha aliyemwita Pocock Seattle.

Na hapo ndipo ninapomvulia kofia seremala wa nyumba za namna hii. Kazi yake haianzi ukutani, huanzia begani. Watazame vijana wanane wakiitoa mashua: imelala kifudifudi juu ya kichanja, wanaishika kingo, wanainua kwa amri ya nahodha, wanatoka hatua kwa hatua. Ubavuni imechomoza mikono ya chuma ya kushikilia makasia. Kichanja kikizidi kimo, mabega hayafiki; njia ikibanwa kidogo tu, chuma cha mashua moja kitaikwaruza ngozi ya nyingine. Mihimili ya vichanja lazima ikubaliane na pima maji, la sivyo mashua italala imejipinda usiku baada ya usiku, mpaka ipotoke. Mbele ya mlango panatakiwa uwanja wa kutosha kugeuza mita 18 bila kugusa kitu. Na gati lielee, liwe chini karibu na maji, ili makasia yapite juu yake mashua inapoegeshwa.

Hakuna mtazamaji anayeshangilia kichanja. Siku ya mbio macho yote yako majini, na seremala aliyefanya kazi yake sawasawa husahaulika kwa sababu hakuna kilichokwaruzwa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sifa yake kubwa: amejenga kitu ambacho watu hukiona pale tu kinapokosewa.

Husky Clipper imetundikwa katika jengo la Conibear, juu ya ukumbi wa chakula wa wanamichezo. Dhahabu ilipatikana kwa dakika 6 na sekunde 25. Kuitunza mashua yenyewe kumehitaji paa zuri kwa miaka yote iliyofuata.