Kungumanga, Siagi na Ngozi ya Sukari

Mpe mtu mafini iliyochovywa kwenye shira nyeupe, mwambie afumbe macho aume, kisha muulize amekula nini. Atakujibu: donati. Wala hatasita, ingawa alichokila hakijawahi kukaribia karai la mafuta. Kimetoka ovenini, kwenye trei ya vikombe 12, kama keki yoyote ya chai ya jioni. Naupenda sana ufundi huu, na ninavyouangalia kwa makini ndivyo ninavyozidi kuuheshimu. Anayeumudu amekwisha kujiuliza swali ambalo walaji wengi hatujiulizi: ladha ya donati inakaa wapi hasa?

Jibu la haraka ni kwamba inakaa kwenye mafuta, na jibu hilo lina ukweli wake. Donge la unga linapotumbukia kwenye mafuta ya nyuzi joto 180 hivi, maji yaliyo juu yake hugeuka mvuke papo hapo. Ndiyo yale mapovu yanayolizunguka na kulia chwaa. Ngozi inakauka, inakuwa kahawia, na mafuta kidogo yanabaki juu yake, huku ndani kukiwa bado laini. Yote haya huisha kwa dakika chache. Hewa ya oveni haina kasi hiyo. Hata ukiipandisha ifike nyuzi zile zile, inaupeleka moto taratibu mno kuliko mafuta, na mwokaji akitaka kuilazimisha kwa kuacha keki ndani muda mrefu ataambulia kitu kikavu cha kukwama kooni. Kwa hiyo anatafuta njia nyingine ya kufika pale pale. Njia hiyo inaanzia kwenye kungumanga.

Donati ya kizamani ya Marekani, ile isiyotiwa hamira bali bekingi pauda, ina harufu ambayo wengi waliokua wakiila hawawezi kuitaja kwa jina. Wanajua tu kwamba ikikosekana, kilicho mkononi ni andazi la sukari. Harufu hiyo ni ya kungumanga. Namna ilivyofika huko ina kisa kirefu cha bahari. Mti wa kungumanga asili yake ni visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo, na katika karne ya 17 Waholanzi na Waingereza walimwaga damu kwa ajili yake. Kwenye mkataba wa Breda wa mwaka 1667, Waholanzi walibaki na kisiwa kidogo cha Run chenye mikungumanga, na Waingereza wakabaki na mji waliokuwa wameuteka kwa Waholanzi miaka mitatu nyuma, New Amsterdam, ambao ndio New York ya sasa. Mji ukabadili bendera, lakini watu wake hawakubadili mapishi. Walikuwa wakikaanga vidonge vya unga mtamu walivyoviita olykoek, na mwandishi Washington Irving, katika kitabu chake cha mwaka 1809 juu ya historia ya New York, anavitaja vidonge hivyo na kuviita pia donati.

Sisi wa mwambao hatuna haja ya kufika Banda kuiona kungumanga. Iko Unguja, kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi. Tunda lake la manjano hafifu likiiva hupasuka lenyewe, na ndani utaona kokwa jeusi linalong'aa, limevikwa nyavu nyekundu za basibasi. Ukilivunja kokwa hilo unaipata kungumanga yenyewe. Ikate katikati uitazame: mishipa ya kahawia imetambaa kwenye nyama ya rangi ya maziwa ya chai, imejipinda na kuingiliana pande zote. Ikwangue palepale, juu ya bakuli. Iliyosagwa tangu mwaka jana na kukaa kwenye kopo imeshapoteza nusu ya maneno yake, kwa sababu harufu yote iko kwenye mafuta mepesi yanayoruka hewani. Kwa trei moja, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Wapishi waoga hutia robo kijiko, na mafini zao zinabaki keki za kawaida.

Hapa ndipo ninapopendelea kufanya jaribio dogo na watu wa nyumbani kwetu. Chukua unga ule ule, sukari ile ile, mayai yale yale, ila badala ya kungumanga tia iliki. Utapata kitu kitamu sana, lakini kila atakayeonja atasema: mahamri. Ulimi wa pwani umefundishwa hivyo tangu utotoni. Iliki ikipita puani, akili inakwenda moja kwa moja kwenye mbaazi za nazi na asubuhi ya Jumapili. Mmarekani naye kungumanga inampeleka kwake. Kiungo kimoja, kijiko kimoja, kinatosha kukihamisha chakula kutoka kumbukumbu ya watu hawa hadi kumbukumbu ya watu wale. Ninaona hilo ni jambo kubwa, na mwokaji analibeba kwenye ncha ya kidole.

Cha pili ni uchachu. Donati nyingi za kizamani zilikandwa kwa maziwa yaliyochacha, na kwetu mtindi upo kila duka lenye friji. Mililita 240 za mtindi, yaani kikombe kimoja, kwa gramu 300 za unga wa ngano. Uchachu huo unafanya kazi mbili. Unakutana na bekingi soda, robo kijiko tu, na kutoa hewa inayoinua keki. Na unauzuia utamu usichoshe. Sukari ya ndani iwe ya kiasi, gramu 150, kwa sababu nyingine inakuja juu. Bekingi pauda vijiko viwili vya chai, mayai mawili, chumvi nusu kijiko. Chumvi msiidharau. Bila chumvi kungumanga inanukia lakini haisemi kitu mdomoni.

Mafuta ya ndani yawe ya aina mbili, gramu 60 za siagi iliyoyeyushwa na kiasi kama hicho cha mafuta ya kupikia. Siagi inaleta ladha, lakini ikipoa inaganda na kuifanya keki iwe ngumu. Mafuta ya maji hayagandi, kwa hiyo keki inabaki laini hata saa kadhaa baadaye. Anayetumia siagi peke yake atapata mafini nzuri kwa saa moja ya kwanza. Anayetumia mafuta peke yake atapata laini isiyo na ladha.

Kisha kuna kuchanganya, na hapa ufundi unakuwa wa kujizuia. Unga ukishakutana na majimaji, kila mzunguko wa mwiko unaufanya uvutike zaidi. Mvuto huo ndio unaoupa mkate nguvu, na ndio unaoiharibu mafini: ndani inakuwa na mashimo marefu kama ya mchwa, na keki inatafunika kama mpira badala ya kuchambuka. Mwokaji mzuri anageuza mwiko mara chache, kutoka chini kwenda juu, na unga mkavu ukishapotea machoni anaacha. Madonge madogo yanabaki. Anayeona madonge yale kwa mara ya kwanza mkono unamwasha; anataka kuyasaga. Ayaache. Moto utayamaliza.

Na moto wenyewe uwe mkali tangu mwanzo, nyuzi 220, kwa dakika 15 au zaidi kidogo. Joto hilo linainua rojo kwa kishindo kabla ngozi haijashika, ndiyo maana mafini inatoka na kichwa cha mviringo kilichopanda juu ya kikombe. Wapo mafundi wa mtaani, akina mama wa keki za oda, wasio na oveni ya umeme, wanaooka ndani ya sufuria kubwa lenye mchanga, makaa yakiwa chini na mengine yamepaliwa juu ya mfuniko. Hawana kipimo cha nyuzi. Wanapitisha kiganja juu ya makaa, wananyamaza kidogo, wanapunguza makaa mawili kwa koleo, basi. Nimewatazama wakifanya hivyo na sijui darasa lolote la upishi linalofundisha mkono kusoma moto kwa namna ile.

Kuna jambo la umbo ambalo napenda kulitaja kwa sababu linaonyesha jinsi tatizo moja linavyoweza kupata majibu mawili. Donati ya kukaanga iliwasumbua watu zamani: nje ilishakuwa kahawia, katikati bado mbichi. Baharia mmoja wa jimbo la Maine, Hanson Gregory, alidai kwamba ni yeye aliyekata tundu la katikati mwaka 1847, akiwa melini, kijana wa miaka 16. Dai lake liwe kamili au la, tundu lina akili: linaondoa ile sehemu ambayo moto haufiki. Mafini haina tundu. Jibu lake ni udogo, kikombe kinachoshika rojo kidogo tu, na chuma cha trei kinachopeleka moto pande zote.

Kwa nini mtu ahangaike na oveni ilhali donati ipo? Kukaanga ni kazi ya watu wengi na moto mkubwa. Mwaka 1917 wanawake wa Jeshi la Wokovu, Helen Purviance na Margaret Sheldon miongoni mwao, waliwakaangia donati askari wa Kimarekani huko Ufaransa, karibu kabisa na uwanja wa vita, na donati ikawa chakula cha kuwakumbusha askari nyumbani. Pale palikuwa na maelfu ya midomo. Nyumbani mwangu ipo midomo sita, na bei ya mafuta ya kupikia tunaijua sote. Kujaza karai kwa ajili ya vitafunwa vya jioni moja, kisha kubaki na mafuta yaliyochoka, huku watoto wakizunguka jiko, ni gharama na ni hatari. Trei ya mafini ukishaifungia ovenini unaweza kukaa chini.

Sasa twende kwenye ngozi. Kwangu mimi kiini cha ufundi wote kiko hapa. Ulimi haukutani na keki nzima kwa pamoja. Unakutana nayo kwa zamu. Donati inapoumwa, kwanza sukari inavunjika, halafu mafuta ya ngozi yanagusa ulimi, halafu unga laini, halafu, wakati wa kumeza, kungumanga inapanda puani kwa nyuma. Mwokaji anayetaka kumpa mtu donati kutoka ovenini anaipanga zamu hiyo upya, moja baada ya nyingine. Sukari ataileta. Kungumanga ameshaileta. Kinachokosekana ni mafuta ya nje, kwa kuwa ya ndani yamemezwa na unga na ulimi hauyaoni. Kwa hiyo mafini zikitoka tu, kabla hazijapoa, anazipaka siagi iliyoyeyushwa kwa brashi, kichwani na ubavuni. Wengine hutumia samli, na mimi naipendelea samli, kwa sababu haina maji ya kulowesha ngozi na harufu yake ni nzito zaidi. Mpako huo mwembamba ndio unaomdanganya mlaji aseme imekaangwa. "Mama, hizi umekaanga kwa mafuta gani?" aliniuliza binti wa jirani, mdomo umejaa. Nilimwonyesha karai likiwa kavu ukutani.

Baada ya samli inakuja shira. Gramu 200 za sukari ya aisingi iliyochekechwa, vijiko viwili vya siagi iliyoyeyuka, vanila, chembe ya chumvi, na maji ya moto yanayotiwa kidogo kidogo hadi shira itiririke kutoka kwenye kijiko kama utepe usiokatika. Mafini iwe vuguvugu. Ikiwa ya moto sana shira inazama ndani na juu panabaki unyevu tu. Ikiwa baridi, shira inakaa nene, nyeupe pe, na kuvunjika vipande vipande. Ikiwa vuguvugu inatanda nyembamba, maji yake yanapotea taratibu, na sukari inashikana kuwa ngozi unayoweza kuona rangi ya keki kupitia kwake. Subiri ikauke, ichovye tena. Ngozi ya pili ndiyo inayotoa ule mlio mdogo kwenye meno.

Wapishi wa visheti hawatashangazwa na haya. Wao hupika shira ya sukari hadi ifike kiasi, hutia visheti vilivyokaangwa, na kugeuza bila kupumzika mpaka sukari iache kung'aa, ikauke na kuwa nyeupe juu ya kila kimoja. Wanajua dakika ambayo sukari inageuka. Ikipita, inaganda sufuriani. Mpishi wa kaimati naye anaijua dakika yake, ila yeye anasimama mapema zaidi, shira ikiwa bado inanata. Ukiwa umelelewa katika jiko kama hilo, shira ya mafini utaimudu mara moja, maana jicho limeshazoea kutazama sukari.

Mafini hizi zinaliwa siku ile ile. Hewa ya pwani ina unyevu, na ngozi ya sukari huunywa unyevu huo. Kufika usiku inaanza kutoa jasho na kunata vidoleni. Kuzifunika zikiwa vuguvugu ni kuzimwagia maji, na kuziweka kwenye friji kunazikausha ndani. Kwa hiyo chovya zile zinazoliwa tu. Zinazobaki ziache bila samli na bila shira, zikipoa zifungie kwenye chombo, na asubuhi zipashe moto dakika tano wakati unaandaa shira mpya na chai ikiwa jikoni.