"Mistari" au "Vidato"?

Rasimu moja ya mwongozo wa usimbaji wa video iliyotufikia inaita "mistari ya rangi" ile kasoro ionekanayo pale giza la usiku, lililopasa kufifia taratibu, linapokatika mapandemapande. Watazamaji waliilalamikia mwaka 2019, ilipoonyeshwa "The Long Night", sehemu ya tamthilia ya Game of Thrones.

Kwa maoni yetu istilahi hiyo haifai. Mstari huchorwa, hapa hakuna kilichochorwa. Biti 8 hutoa viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na picha ya usiku hutumia vichache kati ya hivyo. Tena kisimbaji, katika kupunguza ukubwa wa faili, hufuta tofauti ndogo zilizosalia. Rangi hushuka kwa hatua, mfano wa vidato vilivyochongwa kwenye mnazi. Kwa hiyo tunapendekeza "vidato vya rangi".

Kosa la pili ni zito zaidi. Chenga zinazotiwa makusudi ili kuvificha vidato zimeitwa "uchafu wa picha". Fundi asomaye hivyo atazisafisha, na vidato vitazidi kujitokeza. Neno "chenga" limekwisha kuzoeleka kwa watazamaji wa televisheni. Basi na tuseme "utiaji chenga". Dawa nyingine, yaani biti 10 zenye viwango 1024, imetafsiriwa sawasawa.

Istilahi ikikosewa, mkono wa fundi nao hukosea. Tunawakaribisha wasomaji kutoa maoni yao kabla rasimu haijapigwa chapa.