Sifa za Kushusha Moteri

Hapa Uvira mekanisye husifiwa siku moteri inapowaka. Majirani husogea, mwenye gari hucheka, watoto hukimbilia moshi. Sifa hizo huja zimechelewa, kwani ustadi wake ulikwisha kuonekana wakati wa kufungua.

Chukua Hiace ya dizeli, inayohangaika na mashimo ya barabara ya taifa namba 5 kuelekea Baraka. Moteri yake imekaa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo haitolewi kwa juu, inashuka kwelikweli. Fundi anaanza na betri, waya wa hasi kwanza, ili kle isije ikagusa bodi wakati anafungua chanya. Maji ya radieta yanamwagwa, oili inakingwa kwa bidoni iliyokatwa ubavu. Mpira wa dizeli anauziba kwa kijiti alichokichonga mwenyewe: vumbi la bonde la Ruzizi likiingia kwenye pampu, kazi imekuwa mbili.

Kwenye buloni za ekzosi, zilizolala na kutu miaka, ndipo kijana mwenye misuli huharibu. Aliyekomaa huzinywesha dizeli, akaenda zake kula. Akirudi, huikaza buloni kidogo kabla ya kuilegeza, akisikiliza kwa mkono. Ikikatikia ndani ya silinda hedi, mtalala hapo. Na kila buloni inayotoka anairudisha kwenye tundu lake, mizunguko miwili tu. Wasiojua huona anapoteza muda. Lakini zile zinazoshika giaboksi hazilingani urefu, na ndefu ikilazimishwa kwenye tundu fupi hupasua chuma.

Sasa gogo la mkaratusi linalazwa toka mlango hadi mlango, palani inaning'inia. Kilo 200 hivi zinaachiwa polepole juu ya tairi kuukuu. Wasaidizi wanatazama mnyororo. Yeye anatazama pengo kati ya moteri na giaboksi. Likipanuka chini kuliko juu, anasimamisha kila kitu, maana uzito utaegemea shafti na kupinda diski ya klachi.

Ziwa letu hili la Tanganyika limeshuhudia uangalifu wa namna hiyo. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, injini zilezile zikiisukuma. Watu wengi huisifu meli. Mimi nawasifu waliopaka ile grisi, huku wakijua si wao watakaoziwasha tena.

Huku kwetu bei hupatanwa kwa kufunga, na kufungua huhesabiwa kama nyongeza ya bure. Ningekuwa na Hiace, ningelipa nusu ya fedha jioni ya kushusha, kabla sijasikia mlio wowote. Ningechungulia tu kopo la buloni. Nikilikuta tupu, ningetoa noti bila kubishana.