Neno la Kiingereza "Damp" na Upungufu wa Kutafsiri Neno kwa Neno

Mfasiri akiulizwa maana ya neno la Kiingereza damp, jibu huja upesi: unyevu. Jibu hilo si kosa, lakini lina upungufu mkubwa. Neno hilo hutumiwa na mwashi, mchimba makaa ya mawe, mpiga kinanda na mtaalamu wa fizikia. Na katika wanne hao ni mwashi peke yake ambaye kwa kawaida anasema habari za unyevu.

Sababu imo katika asili ya neno. Hadi leo Mholanzi asemapo damp, na Mjerumani asemapo Dampf, hukusudia mvuke. Katika Kiingereza nako neno lilianza kwa maana ya mvuke, hasa mvuke wenye kudhuru. Maana ya majimaji ilikuja nyuma, ikaenea hata ikaifunika ile ya kwanza. Wachimba makaa ndio walioihifadhi. Kwao firedamp ni gesi ya methani, ambayo ikichanganyika na hewa kwa kadiri ya asilimia 5 hadi 15 huweza kulipuka. Blackdamp ni hewa iliyopungukiwa na oksijeni, yenye kuzima taa na kumkata mtu pumzi. Afterdamp ni hewa ya sumu ibakiayo baada ya mlipuko. Taa aliyoibuni Humphry Davy mwaka 1815 ilikusudiwa kuzuia mwali usiiwashe gesi hiyo ya kwanza. Hata hivyo maafa hayakukoma: huko Senghenydd, nchini Wales, wachimbaji 439 walikufa katika mlipuko wa mwaka 1913.

Sasa na afikiriwe mfasiri wa kitabu cha usalama wa migodi, ambaye kwa kufuata kamusi aandika "unyevu wa moto". Msomaji wake, tuseme katika mgodi wa makaa kama ule wa Kiwira, atatazama kuta kama zinatoa maji, hali hatari yenyewe ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Tafsiri ya namna hiyo inaweza kuua. "Gesi ya kulipuka" ni maneno ya kawaida, wala hayana fahari ya istilahi, lakini yanamwambia mchimbaji jambo analopaswa kulijua.

Kitenzi nacho kimefuata njia ya mvuke wenye kusonga roho. Moto uliopunguziwa hewa ili uwake polepole, mlio wa uzi wa kinanda uliozuiwa, mtikisiko unaofifia kidogo kidogo, na hamu ya mtu iliyopozwa: yote hayo Mwingereza huyaeleza kwa damp. Kiswahili hakina haja ya kutafuta neno moja la kubeba mizigo yote hiyo. Kufifisha, kuzima na kupoza yatosha, kila moja mahali pake.

Hata katika maana ya majimaji, ulinganifu si kamili. Kwa Mwingereza, damp aghalabu lina lawama ndani yake: godoro, ukuta au nguo huwa damp, na mwenyewe hapendi. Keki nzuri haiitwi hivyo. Huitwa moist, nalo ni sifa. Unyevu halina lawama wala sifa. Msemaji wa Kiswahili hutofautisha kwa njia nyingine, yaani kwa kadiri ya maji na jinsi kitu kinavyohisiwa mkononi: nguo ambayo haijakauka bado ni mbichi, iliyonyeshewa imelowa chapachapa, ardhi isiyobeba mguu ni tepetepe, ugali uliozidi maji ni majimaji. Mfasiri anayeandika unyevu kila mahali amelitendea Kiingereza haki nusu, na Kiswahili hakukitendea haki hata kidogo.

Wala si Kiingereza pekee chenye maneno yanayohama. Rutuba limetoka katika Kiarabu, ambamo hadi leo, Oman na Ghuba nzima, neno hilo ni unyevu wa hewa. Katika Kiswahili, kwa kuwa udongo wenye maji hustawisha mimea, maana imehamia kwenye nguvu ya ardhi, hata mkulima wa leo husema rutuba akikusudia mbolea zaidi ya maji. Ukungu nalo ni la mvuke ufunikao mabonde asubuhi, na pia la uchafu uotao kwenye mkate uliolala. Mwenye kuyajua hayo hatashangazwa na safari ya damp.

Kasoro basi si ya neno. Ni ya mpango wa kamusi za lugha mbili. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa chini ya Frederick Johnson mwaka 1939 ilitanguliza neno la Kiingereza na kulipa majibu ya Kiswahili. Mpango huo humfaa Mwingereza, ambaye maana ya neno lake anaijua tayari. Leo aghalabu atafutaye ni Mswahili mwenye kitabu cha Kiingereza mbele yake, na haja yake ni kinyume: hajui ni damp ipi aliyokutana nayo. Huyo hafaidiki na safu ya visawe vilivyotengwa kwa mkato. Yafaa kila maana ipewe nambari yake, fani yake na mfano wake, na ile ya mgodini itajwe kwanza, si kwa kuwa hutumika sana, bali kwa kuwa kosa lake halina marekebisho.