Alama 94 kwa tovuti isiyofunguka

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba tisa, Lushoto. Kila mwezi fundi aliyemtengenezea tovuti humtumia ripoti ya kurasa kumi na moja, grafu za rangi tupu, na ankara nyuma yake. Ripoti ya Desemba ilikuja na pendekezo: ahamie kifurushi cha bei kubwa zaidi, kwa kuwa "tovuti inafanya vizuri sana". Akanitumia WhatsApp: "Mwanangu, wewe si ndiyo unasomea hayo mambo? Nilipe?"

Nimeisoma yote, mara mbili. Naiweka tathmini yangu hapa maana bila shaka na wewe una ndugu anayepokea ripoti ya namna hii.

Ukurasa wa kwanza una alama 94 kati ya 100, kwa kijani kibichi. Alama hiyo inatoka PageSpeed Insights, chombo cha bure cha Google, na si ya uongo. Ila chombo hicho hutoa alama mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Iliyowekwa kwenye ripoti ni ya kompyuta. Nikaingiza anwani ileile mwenyewe, nikabonyeza upande wa simu: 31. Na ukurasa wa nne wa ripoti hiyohiyo unasema wageni tisa kati ya kumi wanaingia kwa simu! Aliyeandika ukurasa wa kwanza hakuusoma wa nne, au aliusoma vizuri mno.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Ngoja tupige hesabu. Kipimo cha simu huigiza simu ya bei ya kati kwenye mtandao wa takribani megabiti 1.6 kwa sekunde. Picha ya juu kabisa kwenye tovuti ya shangazi, ile ya milima ya Usambara yenye ukungu, ina megabaiti 4.8. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo tuna megabiti 38.4. Gawanya kwa 1.6 unapata sekunde 24. Google wenyewe wanataka kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Sasa fikiria mtu kashuka basi pale Mombo jioni, anatafuta pa kulala Lushoto. Sekunde 24? Ameshampigia mwingine, na bando lake limeliwa bure.

Picha hiyo inaweza kushushwa hadi chini ya kilobaiti 200 na kwenye skrini ya simu usione tofauti. Ni kazi ya dakika tano. Katika kurasa kumi na moja haijatajwa hata mara moja.

Badala yake ripoti inalaumu seva, ambayo iko Virginia, Marekani. Hapo wana hoja kidogo. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka huku hadi Virginia ni zaidi ya kilomita 12,000. Kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya sekunde 0.12, hata kama nyaya zingenyooka kama rula. Tena kabla ukurasa haujaanza kushuka, simu na seva hupigiana hodi mara mbili tatu. Haya, tuseme sekunde nzima imepotea. Bado ni moja dhidi ya 24. Kifurushi kipya kinauza nini? "Seva yenye kasi." Mtu kavunjika mguu, anakatwa kucha.

Ukurasa wa saba ndio ulionikera hasa. "Maombi ya vyumba yameongezeka kwa 100%." Kutoka mangapi? Utafute kwenye maandishi madogo: kutoka 3 Novemba hadi 6 Desemba. Matukio machache yanayokuja bila mpangilio hupanda na kushuka yenyewe. Njia ya haraka ya kukadiria mtikisiko wa tofauti kama hii ni kujumlisha idadi mbili na kuchukua kipeuo cha pili: 3 na 6 ni 9, kipeuo chake ni 3. Tofauti tunayoshangilia nayo ni 3. Yaani bahati peke yake inaweza kuileta, bila tovuti kufanya lolote. Na ni Desemba jamani, watu wanarudi makwao, hata banda la chipsi linajaa.

Niwape haki yao: ukurasa wa tisa ni mzuri. Unaonyesha watu 58 walibonyeza namba ya simu mwezi huo, mara nyingi kuliko waliojaza fomu. Hicho ndicho kipimo cha biashara ya vyumba tisa, kwa sababu mgeni wa huku anapiga, anauliza kama maji ya moto yapo, anaomba apunguziwe. Ripoti imekiita "shughuli nyingine" na kuendelea na safari.

Nilimjibu shangazi asilipe kwanza. Nikamwomba kwenye lile daftari lake la wageni aongeze safu moja, awe anamuuliza kila anayepiga: "Namba yetu umeipata wapi?" Nywila ya tovuti ilikuwa imeandikwa kwenye daftari hilohilo, kwa hiyo kwa ruhusa yake niliipunguza picha usiku ule. Alama ya simu ikapanda hadi 78.

Kesho yake fundi alimwandikia akiuliza nani kagusa tovuti.